Fontein mapokezini, mtaro hamna

Samahanini, leo natoa povu. Juzi usiku dokta mmoja wa mifugo, rafiki yangu wa siku nyingi, kanitumia ramani Whatsapp. Kapata kiwanja huko Kigamboni ndani ndani, anataka kujenga kliniki ya wanyama na nyuma yake kituo cha kuokotea mbwa na paka waliotupwa, kaandika "kaka pitisha jicho, Jumatatu mafundi wanachimba msingi". Jumatatu! Na ilikuwa Ijumaa. Nikafungua nikiwa nakula, chakula kikaishia pale pale. Mapokezi mita sita kwa nane, fontein (ile ya kurusha maji juu kwa urembo) katikati, dari ya gipsam ngazi tatu na taa za rangi, sofa kama za ukumbi wa harusi. Afu nyuma huko chumba kimoja kirefu kama kontena, kimeandikwa "MBWA + PAKA", mlango mmoja, basi. Nikatafuta mtaro wa maji machafu, nikazungusha simu labda nimeishika vibaya, hamna.

Ngoja niwaambie kwa nini hili linaniuma. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na kijibwa kinaitwa Chapati, rangi yake ndo ile ile, madoa ya kuungua na yote. Kikafika wiki nane nikakipeleka kliniki moja hapa mjini, siitaji, kupata chanjo ya kwanza. Benchi moja, foleni moja. Pembeni yangu dada kapakata mtoto wa mbwa kamfunga kwenye kitenge, anaharisha damu, na kitenge kinavuja. Mhudumu akaja na dekio, akapitisha mara moja, akatokomea. Chapati akashuka, akanusa pale pale palipodekiwa, akalamba. Siku ya tano akakataa chakula, siku ya nane nikachimba shimo chini ya mwembe. Dokta wa pale hakuwa na kosa, sindano mpya, upole, kila kitu. Ila chanjo ya siku ile haikuwahi, na mgonjwa na mzima walikalishwa benchi moja kwa sababu aliyechora jengo hakuweka sehemu nyingine ya kukaa.

Wenye mbwa pavo mnaijua, kile kirusi cha kuharisha damu kinachomaliza watoto wa mbwa. Haisikii sabuni, haisikii sanitaiza, inasikia jiki, na jiki yenyewe mpaka uwe umeshaosha uchafu wote kwanza, ndo umwage uache dakika kumi ikae. Ndani ya nyumba inakaa miezi, kwenye udongo wa kivulini inaweza kufika mwaka. Sasa we fundi unakuja kuniwekea tails za kung'aa zenye mistari ya saruji kila baada ya sentimita arobaini, ile mistari inakunywa mkojo na kinyesi kama sponji, jiki inapita juu yake inaaga. Na mbwa aliyegongwa na bodaboda, mguu umefungwa, akisimama kwenye zile tails zikiwa na maji anaachia miguu yote minne. Piga terazo, ile sakafu ya kokoto iliyosagwa ikawa laini bila mistari, au zege safi afu epoksi juu, ile rangi ngumu isiyopitisha maji. Pale ukuta unapokutana na sakafu usiache kona ya kukusanya uchafu, vuta plasta iwe ya mviringo. Mteremko sentimita mbili kila mita, na kila kizimba kiwe na tundu lake la maji lenye kikapu cha kunasa manyoya, maana manyoya yakifika kwenye chemba utamtafuta mzibuaji kila wiki. Ile staili ya mfereji mmoja wazi unaopita mbele ya vizimba vyote, maji ya mgonjwa wa kwanza yanawatembelea wote mpaka wa mwisho, hiyo tuliiona kwenye vyoo vya shule na kipindupindu chake.

Na karantini iko wapi? Mbwa wa kuokotwa humjui katoka jalala gani. Pavo inakaa mwilini siku tatu mpaka saba hujaona kitu, na anaanza kuimwaga kabla hajaonekana anaumwa, kwa hiyo kila anayeingia akae pembeni wiki mbili, chumba chenye mlango wake wa kutokea nje, fagio lake, ndoo yake, buti zake zinazobaki humo humo. Anayefagia aanze kwa watoto wa mbwa wasioumwa amalizie kwa wagonjwa, asirudi nyuma. Mbwa aliyeng'ata mtu anatakiwa aangaliwe siku kumi kama ana kichaa, kwenye ramani hii ataangaliwa wapi, kwenye sofa? Halafu kuna kijana atakayeajiriwa kufua yale mablanketi, na ninajua kabisa hakuna aliyepanga kumchanja. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu tunaongelea mazishi. Hapo sina utani hata kidogo.

Mengine nayapitia. Paka usimweke anapomuona wala kumsikia mbwa, atagoma kula, na paka akigoma siku kadhaa ini linajaa mafuta umempoteza bila ugonjwa mwingine. Kelele za mbwa kwenye chumba cha kuta tupu zinavuka desibeli mia, majirani watakuja na mwenyekiti wa mtaa. Chumba cha eksirei kinataka kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki, hakiongezwi baadaye kama banda la kuku.

Haya, nakubali, kwa shingo upande: mapokezi mazuri yanaleta wenye mbwa wa Masaki, kule kwa wenye hela, na hela ya mbwa wa Masaki ndo itamlisha koko wa Kigamboni. Sawa. Weka sofa. Ila hela ya fontein peke yake inamaliza karantini na chenji inabaki.

Na wale mtakaokuja na "binadamu wenyewe hawana hospitali mnajengea mbwa", Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, na anayeng'atwa na koko asiyechanjwa ni mwanao akitoka shule. Nendeni Lamu, pale punda wana kliniki yao tangu 1987, na sijasikia mtu wa Lamu analalamika, maana wanajua bila punda saruji haifiki nyumbani. Tena punda anakuja kwa miguu, kwa hiyo jengo lake halitaki manjonjo, linataka mlango mpana usio na ngazi. Ramani ya dokta wangu ina ngazi tano mlangoni. Tano! Umebeba jibwa la kilo arobaini lililovunjika nyonga.

Nikamwandikia yote haya, saa sita usiku, meseji kumi na nne. Asubuhi akanijibu kwa voisi, anacheka: "Kaka nimekuelewa, msingi nimesogeza wiki mbili, karantini inaingia, ngazi zinatoka. Ila fontein kaichagua mama watoto, njoo umwambie mwenyewe."

Jumapili naenda. Nimeshanunua na matunda.