Sikumweka mama mkwe kwenye buti, alitokea kwenye buti

Haya, najua video mshaiona. Jamaa yangu mmoja, anajijua, na hela yangu ninayomdai anaijua pia, alikuwa magari mawili nyuma yetu, na badala ya kushuka kusaidia akatoa simu. Sasa juu ya video kaandika "jamaa kambeba mama mkwe kwenye buti". Uongo mtupu! Mama alipanda siti ya nyuma kama binadamu mwingine yeyote, ila akatokea kwenye buti. Ni vitu viwili tofauti, naomba niwaeleze kabla sijapigwa marufuku ukweni.

Gari mnalijua, ni lile nililowarushia picha humu nimeliegemea na miwani ya jua usiku. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya wenzake na akili yangu yote ikahamia kwenye hiyo nusu. Dalali akaliwasha akaniambia angalia dashibodi bosi, kuna taa yoyote inawaka? Nikaangalia, kweli hamna. Nikafurahi. Sasa kwa ambao hamjui, na mimi nilikuwa mwenzenu: ukifungua swichi kabla hujapiga stata, taa ya injini na ya eabegi zinatakiwa ziwake kwanza, afu zizime zenyewe, ndo gari linajikagua hapo. Za kwangu haziwaki kabisa. Mtu alifungua dashibodi akatoa balbu. Yaani mgonjwa alikuwa analalamika, wakamkata ulimi.

Magonjwa mengine niliyajua siku ileile, siwadanganyi. Mlango wa nyuma kushoto haufunguki kokote, ndani wala nje, dalali akaniuliza "kwani una watu wangapi wa kushukia kushoto?" nikaona ana hoja. Wa nyuma kulia unafunguka kwa nje tu. Vioo vya nyuma havishuki, cha mbele upande wa mke wangu kilishuka wiki ya kwanza hakijapanda tena, nimebandika nailoni na gundi ya karatasi. Egemeo la siti ya nyuma, nusu yake, ukikanyaga breki linasujudu. Na buti halisimami lenyewe, nalishikizia mpini wa fagio. Mimi nikawa nasema kila gari lina tabia zake bwana.

Sasa juzi mama mkwe anarudi kwake baada ya kukaa nasi siku kadhaa, watu wakasema tumtafutie gari la kukodi. Mimi huyo, kifua mbele, mama akodishiwe gari mkwe yupo? Nikamfungulia mlango kwa nje, nikainama kidogo, nikamfungia. Mama akamwambia mwanawe "umepata mume mwenye adabu." Kumbe adabu yenyewe ni kitasa cha ndani kimekatika.

Tukafika kwenye kile kilima chenye taa za barabarani. Nikaona mshale wa joto unapanda. Fundi alishanifundisha, likitaka kuchemsha fungulia hita mpaka mwisho, maana hita inachota joto la injini na kulimwaga ndani, ni kama rejeta ndogo ya pili. Na ni kweli, inasaidia. Ila fundi hakuniambia nifanyeje kama ndani yupo mama mkwe na vioo havishuki. Nikafungulia hita. Mama kimya. Dakika mbili nasikia kwa upole, "mwanangu, huko nyuma kuna moto?" Nikamjibu hapana mama, ni utaratibu wa gari.

Taa ikawa nyekundu, gari likatetemeka, likakohoa, likazima. Mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti kama treni ya zamani. Nikashuka mbio, na kosa langu hapa ndo lilipo: swichi nikaiacha wazi. Feni ya hita inaendelea kupuliza.

Nikafungua boneti, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye mfuniko wa rejeta. Dereva wa lori lililokuwa nyuma yetu, Mungu ambariki, akaudaka. "Unataka kubabuka sura? Maji yamebanwa humo, yamepita digrii 100 na bado hayajachemka, ukifungua yanachemkia usoni kwako." Tukiwa hapo tunajadili uso wangu ndo nikasikia ngo, ngo, ngo kwenye kioo cha nyuma.

Mama.

Mke wangu alishatoka mlango wa mbele na analia au anacheka, mpaka leo hajaniambia. Nikakimbilia mlango wa kulia, nikashika kitasa, nikavuta. Kikaja. Chote, mkononi, na kaspringi kadogo kakadondoka kakabingirika kwenye lami taratibu kakaingia uvunguni mwa lori. Tukabaki tunatazamana na mama kupitia kioo. Ananiangalia mimi, namwangalia yeye, afu wote wawili tukaangalia kitasa.

Akajaribu kupita kati ya siti za mbele, gauni likanasa kwenye haendibreki, akarudi. Na katika kurudi ile nusu mbovu ya siti ikasujudu, likabaki shimo la kwenda kwenye buti. Mama akalitazama shimo. Akashusha pumzi. "Mwanangu, fungua huko nyuma."

Nikafungua. Mpini wa fagio uko ndani, chini ya mizigo yake. Kwa hiyo buti nikalizuia kwa kichwa. Jamani piga picha: taa imeshawaka kijani, ikarudi nyekundu, ikawaka kijani tena, honi zinalia, mimi nimevaa gari kama kofia. Kwanza kikatokea kitambaa chake cha kichwani kimeshuka kwenye jicho moja, halafu jicho la pili, limekasirika, halafu mkono. Nikanyoosha wa kwangu kumpokea, nikasahau kwamba umeshika kitasa. Mama akakikamata kitasa, anadhani ni mimi. Nikavuta. Bega la kwanza likapita. Watu wa pembeni wakaanza "sukuma mama, sukuma!" Akatoka mzima mzima, kiatu kimoja kikabaki kwenye siti, na kuna mwanamke mmoja, simjui na sitaki kumjua, akapiga kigelegele.

(Kuna ndugu kaandika chini ya video eti lile gari ni Trabant. Usiitukane Trabant. Sawa, bodi ilikuwa ya plastiki iliyochanganywa na pamba na injini inafuka moshi, lakini waliitengeneza kuanzia 1957 mpaka 1991, karibu milioni 3, na watu wa Ujerumani Mashariki walikaa foleni miaka na miaka kuipata. Lile gari watu walilisubiri. La kwangu lilikuwa linanisubiri mimi.)

Yaliyobaki nayaruka. Dereva wa lori akamchukua mama kwenye kabini akamfikisha salama. Lori lenyewe kuukuu, lakini milango inafunguka, niliangalia. La kwangu likavutwa kwa kamba. Fundi kachomoa stiki ya oili, oili ina rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yamechanganyika nayo, gasketi ya silinda hedi imekwenda na hedi yenyewe imepinda. Akanionyesha na namba nne ubavuni mwa tairi, 2311, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2011. Nilikuwa natembelea raba za makumbusho. Marekani gari la hivi wanaliita limau, na tangu 1982 jimbo la Connecticut lilipoanza, wana sheria ya kumrudishia mwenyewe hela yake, ingawa ni kwa gari jipya hasa. Mimi sheria yangu ni dalali, na dalali hapatikani, tafadhali jaribu tena baadaye.

Jana jioni mama kapiga simu. Nikapokea nimesimama. Tukasalimiana vizuri tu, akauliza hali, akauliza kazi. Afu akasema:

"Mwanangu, kitasa chako kimo kwenye mkoba wangu. Nikitume, au mlango nao umeshatoka?"