Abiria Asiye na Mfupa

Bibi aliyeniuzia pweza kule Jambiani alimtandika fimbo moja, akasema, "Kesha kufa huyu, mwanangu. Kumponda utamponda nyumbani." Nikamtia kwenye ndoo ya rangi, nikafunika, nikakimbilia chaimaharage, gari la abiria la kwenda mjini.

Kifuniko kilikuwa na tundu, upana wa sarafu ya shilingi 100. Pweza alikaribia kilo mbili. Kwa mnyama mwenye mifupa, hapo pana usalama wa kutosha.

Tulipofika Paje, mama aliyekaa mkabala nami akanigusa goti. "Kaka, ndoo yako inatoa mkono."

Ukatoka wa pili, ukapapasa ukingo kwa vile vikombe vyake. Wa tatu. Halafu kichwa kikajiminya, kikapita chote! Kijana mmoja mwenye sare ya sekondari akachangamka: huyu hana uti wa mgongo, ana mioyo mitatu, damu yake buluu, na kigumu mwilini mwake ni mdomo tu, ukishapita mdomo, kapita mzima. Somo zuri, ila alilitoa akiwa kasimama juu ya benchi.

Pweza akateremka sakafuni, akageuka rangi ya mbao. Hatukumwona tena mpaka mzee aliyekuwa akisinzia alipogutuka: "Laa ilaha illa Llah! Nani ananivuta?" Alikuwa kapanda kanzu nyeupe, naye kajipausha vilevile. Wino ndio uliomuumbua.

Bi mkubwa wa kule pembeni, aliyekuwa kimya safari nzima, akaweka pakacha lake chini. Akambandua mkono mmoja mmoja. Akitoa mmoja, miwili inashika upya. Mwisho akatia vidole, akakipindua kichwa nje ndani kama soksi.

"Sasa ndiyo kesha kufa."

Akachomoa kisu pakachani, akakata mikono mitatu. "Ujira wangu." Ile mikono ikawa bado inajinyonganyonga. Kijana akaanza kutueleza kwamba neva nyingi za pweza zimo mikononi. Gari zima likamwambia anyamaze.

Mzee alidai pesa ya sabuni, nikampa. Konda naye, aliyekuwa kaning'inia nje muda wote huo, akarudi ndani na kunidai nauli ya watu wawili.

"Huyu ni mzigo, yakhe!" nikamwambia.

"Mzigo haushiki bomba."