Mpaka afe mtoto ndo tuta liwekwe?

Jana asubuhi nimeona mtoto wa shule, wa la pili hivi, akikoswa na bodaboda kwenye zebra. Daladala ilishasimama kumpisha, bodaboda ikachomoka ubavuni bila kupunguza mwendo, konda akagonga bodi kwa nguvu, mtoto akaruka nyuma, kiatu kikabaki na tairi likapita juu ya hicho kiatu. Akakiokota, akavuka. Basi, ikaishia hapo, hakuna daftari hata moja litakaloandika kwamba pale pana tatizo, maana hakuna aliyeumia.

Hicho ndo kinachoniuma jamani. Sisi tunaanza kuhesabu damu ikishamwagika! Wenzetu Sweden, pale chuo cha Lund, toka miaka ya 70 na 80 walikuwa wanasimama kwenye makutano wanaandika kila aliyeponea chupuchupu, na siku hizi kazi hiyo inafanywa na video. Unafunga kamera juu ya nguzo, programu inamfuata kila mtu na kila chombo picha kwa picha, inageuza picha kuwa mita za barabarani, alafu inapiga hesabu, huyu katoka hapa, yule kafika hapahapa baada ya sekunde ngapi? Ikiwa ni sekunde moja, na inajirudia kila asubuhi, unasubiri nini tena kuweka tuta? Mtafiti Nicolas Saunier wa chuo cha Polytechnique Montréal, Canada, programu yake ya kazi hii, Traffic Intelligence, kaiachia wazi, hulipi kitu.

Kuna watakaosema hii ni tochi nyingine ya kutupiga faini. Hapana, hapa plate namba haihitajiki, wala sura ya mtu. Usiku na mvua zinaisumbua kamera, hilo nakubali, ila watoto wanavuka asubuhi.

Kazi kubwa iko kwenye kuifundisha programu itambue vitu. Mkusanyo wa picha unaoitwa COCO, picha za mwaka 2014, zinazotumika sana kufundishia hizi programu, zina aina 80 za vitu, twiga yumo, pundamilia yumo, bajaji haimo. Mkokoteni haumo. Kwa hiyo ukiichukua ilivyo ukaileta Dar, bajaji itaitwa gari au pikipiki, na hesabu yote ya nani anamkosakosa nani inaharibika. Vijana wetu wa vyuo wanaweza kurekodi barabara zetu wenyewe, wakae wachore viboksi, hii bajaji, huyu mama na ndoo, huyu mtoto. Ni kazi ya kuchosha lakini inawezekana kabisa, na naomba sana mwenye uwezo aianze.

Leo saa moja kasoro nimepita tena. Watoto wameshikana mikono watatu watatu, daladala imesimama, na bado wanachungulia ubavuni.