Safuwima kwenye msimbo: fomata inyooshe au iache?

Shairi la kimapokeo la Pwani huchapwa kwa vipande viwili, ukwapi huku na utao kule, na jicho hushuka na vina bila kutafuta. Linanyooka kwa sababu kila kipande kina mizani 8. Mtunzi amekwisha kulipa gharama ya unyoofu huo kabla mchapaji hajaanza kazi. Majina ndani ya programu hayana mizani. Jina la herufi 5 linakaa jirani na la herufi 18, na fomata, yaani programu inayopanga mwonekano wa msimbo, ikitaka yote yafuatwe na safuwima moja iliyonyooka, haina budi kujaza pengo kwa nafasi tupu. Ubishi wote wa waandishi wa programu kuhusu jambo hili unahusu pengo hilo na nani anayelilipia.

Tuchukulie programu ya kuhesabu marobota ya mkonge katika ghala la Tanga, imeandikwa kwa lugha ya Go:

```go
type Robota struct {
	Namba  int
	Uzito  float64
	Daraja string
}
```

Anakuja mtu, anaongeza uga mmoja (sehemu ya data yenye jina na aina yake), anaendesha gofmt, fomata ya Go:

```go
type Robota struct {
	Namba              int
	Uzito              float64
	Daraja             string
	TareheYaKupokelewa time.Time
}
```

Kilichoongezwa ni mstari 1. Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo, itaonyesha mistari 3 imefutwa na 4 imeandikwa. Anayekagua analazimika kusoma yote ili ajue kama kuna kilichobadilika kweli, na akiwa anasoma kwenye simu, zile nafasi 14 baada ya `Namba` zinaisukuma aina ya data nje ya kioo. Yenye madhara zaidi ni kuunganisha matawi, yaani nakala za msimbo zinazoendelezwa sambamba. Ikiwa siku hiyohiyo mwenzake, kwenye tawi jingine, amebadilisha `Uzito` kutoka `float64` kuwa `int`, Git inaona pande zote mbili zimegusa mstari uleule na inatangaza mgongano, ingawa yule wa kwanza hakuwa na habari na uzito.

Dawa zipo. `git diff -w` huficha mabadiliko ya nafasi tupu, na `git blame -w` humrudishia mstari mwandishi wake wa kweli. Wakati wa kuunganisha, `git merge -Xignore-space-change` huondoa migongano ya aina hii, kisha gofmt iendeshwe tena ili safuwima zirudi sawa. Kwenye Python `-Xignore-space-change` itumike kwa hadhari, maana huko nafasi za mwanzo wa mstari zina maana.

Mbona basi watu wanakubali usumbufu huu? Kwa sababu ya hali kama hii:

```go
const (
	Imepokelewa = 0x01
	Imepimwa    = 0x02
	Imefungwa   = 0x40
	Imepakiwa   = 0x08
)
```

Kosa liko mstari wa tatu: ilitakiwa `0x04`. Thamani zikiwa zimepangana wima, jicho linalinasa kabla hata akili haijauliza. Zikiwa zimetawanyika kulingana na urefu wa majina, linaweza kupita wakaguzi wawili. Huu ndio utetezi wenye nguvu, na ona kwamba unahusu majedwali: vitu vya aina moja, vinavyosomwa kwa kulinganishwa. Uga wa `Robota` hausomwi hivyo. Hakuna anayelinganisha `float64` na `string`.

gofmt nayo haipangi kila kitu. Hunyoosha uga wa struct, makundi ya `const` na `var` yaliyo ndani ya mabano, jozi za ufunguo na thamani, pamoja na maelezo ya mwisho wa mstari. Mistari ya kawaida ya kugawa thamani, hata ikifuatana kumi, huiachia nafasi moja tu. Hesabu yake hugawa mistari katika vyumba, hupima chumba kirefu zaidi katika mistari inayofuatana, kisha hupanua vingine vikifikie. Wazo hilo la safuwima zinazojinyumbua lilitolewa na Nick Gravgaard mwaka 2006. Kwa kuwa kundi hukatika penye mstari mtupu, mwandishi anayo nguvu ambayo wengi hawaitumii: angeacha mstari mtupu kabla ya `TareheYaKupokelewa`, mistari mitatu ya juu isingeguswa.

Upande wa pili wamo wanaokataa kabisa. PEP 8, mwongozo wa mtindo wa Python, huhesabu nafasi za ziada kabla ya alama ya `=` kuwa kero, na Black, fomata ya Python, huzifuta. Anayetaka kunusuru jedwali lake hulizungushia `# fmt: off` na `# fmt: on`. Mwongozo wa lugha ya Rust nao hautaki vigezo vya funksheni vipangwe chini ya mabano ya kufungua, kwa sababu ukibadilisha jina la funksheni, mistari yote ya chini yake inahama. clang-format, fomata ya C na C++, huachia timu ichague: mtindo wake uitwao LLVM hupanga vigezo na maelezo ya mwisho wa mstari, lakini hauoanishi alama za `=` mpaka uwashe `AlignConsecutiveAssignments`. Uhuru huo unasikika vizuri hadi timu itumie mkutano mzima kuujadili.

Kuna kasoro moja inayotugusa watu wa Pwani. Fomata ya Go huchukulia kila herufi ya Unicode, mfumo wa kompyuta wa herufi za lugha zote, kuwa na upana mmoja. Weka matini ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu kama funguo za jedwali: irabu za fat-ha, kasra na dhamma zinahesabiwa kila moja kama herufi kamili, ilhali kwenye skrini hazichukui upana wowote. Neno la herufi 4 zenye irabu 4 linapimwa 8, na safuwima inapinda. Kubana nafasi kwa mkono hakusaidii, gofmt itazirudisha.

Kwa maoni yangu gofmt inafaa kwa sababu haiulizi mtu, na Black inafaa kwa sababu hiyohiyo. Kibaya kuliko vyote ni kupanga kwa mkono pale ambapo hakuna chombo cha kulinda mpangilio, kwani badiliko la kwanza la jina linauvunja na hakuna anayeurudisha. Timu inayohama kutoka hali hiyo iendeshe fomata kwenye msimbo wote katika komiti (badiliko linalohifadhiwa katika Git) moja isiyo na badiliko jingine, iandike namba ya komiti hiyo katika faili la `.git-blame-ignore-revs`, kisha kila mmoja kwenye kompyuta yake aendeshe:

```
git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs
```

Amri hii inahitaji toleo la Git 2.23 au jipya zaidi, na mpangilio huu hausafiri na hazina ya msimbo. Asiyeuweka ataendelea kuona jina la aliyeendesha fomata kwenye kila mstari ulioguswa siku hiyo.