Pilau Iliyotolewa Nyama

Tangu niache kula nyama, samaki, mayai na maziwa, hakuna maneno yanayonichosha hapa Malindi kama "nyama nimeitoa". Juzi, baada ya vipindi vya mchana, niliingia katika mkahawa ulio karibu na chuo nikaomba wali na maharagwe ya nazi, na mama muuzaji, ambaye ninamheshimu sana, akanijibu kuwa maharagwe yamekwisha lakini angenipakulia pilau isiyo na nyama. Alichofanya ni kupakua pilau ile ile ya mbuzi, akaviokota vipande kimoja kimoja kwa ncha ya kijiko, akavirudisha sufuriani, kisha akanisogezea sahani ambayo wali wake ulikuwa bado unang'aa mafuta.

"Nyama nimeitoa, mwanangu. Kula."

Nilipokataa, akauliza kama anitilie papa, kwani samaki si nyama! Kwa hilo simlaumu, maana huku pwani kitoweo ni samaki. Linaloniudhi ni kwamba mbaazi za nazi, chakula kitamu kuliko vyote mkahawani humo na kisicho na mnyama hata chembe, hupikwa asubuhi pekee, na ifikapo saa nne sufuria imekwisha kuoshwa, nami ningali darasani.