Kata Mji, Kata Pindo, Jina Liache

Anayesema Pemba hakuna baridi hajalala Wete mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukipenya madirishani. Si baridi ya kugandisha maji, najua, lakini mtu mzima anajikunyata. Ndiyo maana kila kipupwe mimi na shoga yangu tunashona mfarishi mmoja, yaani nguo nene ya kujifunika, kwa kanga kuukuu: mwaka jana wangu, mwaka huu wake. Tunatandika mkeka ukumbini baada ya alasiri. Nje kuna majamvi ya karafuu, na kila wingu likijikusanya tunatupa sindano tukaanue.

Kanga kuukuu ni bora kuliko mpya. Imeshafuliwa ikalainika, haina wanga wala haichuji. Ukichanganya na mpya ambayo hukuifua kwanza, siku ya kufua nyekundu itaila nyeupe, na mpya ikirudi, yaani ikinywea, mshono wote unavutana. Katikati tunatia blanketi lililochakaa. Usufi tuliujaribu mara moja tu. Ukakimbilia upande mmoja, tukawa tumeshona mto. Tunapiga bandi, mishono mirefu ya muda, kisha tunashikiza tabaka zote tatu kwa mkono, kila baada ya shubiri. Yeye anaanzia kwake, mimi kwangu, tukutane katikati. Peke yako utaweza, lakini nguo itakukunjamana.

Tunachogombania ni jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga. Mimi nasema kata mji, pale katikati pa kanga, kata pindo la pembeni, fanya utakavyo, lakini maneno yabaki mazima. Mtu hununua doti kwa sababu ya maneno. Ana wa kumwambia, au ana la kujiambia. Ukiyakata, umebaki na kitambaa cha maua tu.

“Shoga, nani anasoma mfarishi akiwa amelala?” huniuliza.

Mwaka jana niliingia jikoni kutazama mkate wa kumimina. Niliporudi, kanga niliyoachiwa na bibi yangu, Mungu amrehemu, ilikuwa imeshapita mkasini. Ilikuwa imeandikwa “Japo sipati tamaa sikati.” Yeye alikata! Kwenye kipande cha juu pakabaki “Japo sipati”, basi, malalamiko matupu. Nilinuna hadi magharibi. Nusu ya pili niliiona mfarishi ulipokwisha: “tamaa sikati”, ameishona miguuni, kichwa chini. Akacheka, akasema maneno yapo yote, ni mimi tu sijui nilale nikielekea wapi.

Mwaka huu mkasi naushika mimi.