Kiatu cha Kaisari

Viatu vile nilivinunua mitumbani Karume kabla sijaondoka Dar: ngozi ya kahawia, soli ngumu, namba 41. Mimi navaa 43. Muuzaji aliapa vitatanuka. Wapi! Mwishowe nikachukua wembe, nikatoboa kila kimoja ubavuni ili kidole kidogo kipumue, nikavalia soksi za kahawia. Asiyeinama hajui kitu.

Jioni hiyo ya London nilikuwa nimemwalika binti wa Mombasa tuliyekuwa tunasoma naye. Chakula, tamthilia ukumbi wa Shakespeare's Globe, kisha matembezi ya mto Thames. Hotelini niliona bei, nikazidisha kwa elfu tatu, koo likafunga. Yeye akaagiza samaki na chipsi. Mimi supu, nikadai nimeshiba tangu mchana. Tumbo likanikana kwa sauti.

Globe ya sasa ilifunguliwa 1997 kwa mfano wa ile ya kale: mbao, paa la nyasi, katikati wazi. Viti vipo, ila tikiti yetu ya pauni 5 ilikuwa ya kusimama uani na watu kama 700. Kuketi chini marufuku, mwavuli marufuku. Manyunyu yakaanza.

Igizo ni Julius Caesar. Nikajigamba: hii Mwalimu Nyerere aliitafsiri tangu 1963, niulize lolote. Kweli niliisoma, lakini nakala ya maktaba yetu ilikuwa imechanwa kuanzia Kaisari anapouawa. Kwa hiyo alipoanguka, tukawa wote wageni.

Miguu yangu ilikuwa imekufa kabla yake. Nikavua kiatu cha kulia polepole, nikakikanyaga kwa juu. Mara waigizaji wakapita katikati yetu na maiti, tukasukumwa huku, tukasukumwa kule. Tulipotulia, kiatu hakuna.

Jukwaani Antony, rafiki wa Kaisari, akafunua joho la marehemu, anaonyesha matundu ya visu: hapa Cassius, hapa Casca, hapa Brutus. Uwanja kimya. Ndipo akaona kitu ukingoni mwa jukwaa. Aliyekiweka pale Mungu anamjua. Akakiinua, akakigeuza kwenye taa, akapitisha kidole katika tundu langu la wembe na kukitikisa mbele ya umma, uso umejaa msiba.

Watu walivunjika mbavu. Nami nikacheka kuliko wote, mguu mmoja nimeuficha nyuma ya mwenzake kama korongo.

Baadaye nilikikuta kwa mhudumu mlangoni. Nikamwambia ni cha rafiki yangu. Akaitazama soksi yangu, akanikabidhi bila neno.

Mguu umevimba, kiatu kimelowa, havikupatana tena. Nikakibeba mkononi hadi daraja la Millennium. Hilo lilifunguliwa Juni 2000, likafungwa baada ya siku mbili kwa kuyumba watu wakipita. Wamelirekebisha, usiku ule aliyekuwa anayumba ni mimi. Kuba la kanisa la St Paul's linang'aa mbele, watalii wanapiga picha, soksi inachuruzika.

Binti alikuwa kimya tangu mlangoni. Katikati ya daraja akasimama.

"Hebu niambie, kaka. Kaisari walimchoma eti kwa kutaka ufalme. Hicho kidole chako kilitaka nini?"

"Nafasi," nikamjibu.